Nyumba Isiyo na Kamba

Emilienne alikibeba kisu cha Mzungu ndani ya jani la mgomba, kama mtu anayepeleka samaki kwa wakwe. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mashamba ya pamba ya Kabambare, na moshi wa vyungu vya jioni umetanda chini chini, alipofika kwa Bulaimu mhunzi. Hakuingia. Kwao mwanamke haingii kwa mhunzi mivukuto ikiwa inapumua, hata kama nyuma yake nyumba inaungua. Alisimama nje akapiga makofi ya adabu.

“Hodi, Baba Bulaimu.”

“Mivukuto imelala. Ingia, mutoto wa Régina. Unaniletea samaki?”

“Ningekuwa na samaki, Baba, ningekuja nikicheka.”

Alifungua jani. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa pembe, na bapa lake lilining'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbia sana. Ukilifungua, linaanguka. Ukilifunga, linaanguka. Zamani lilikuwa likilia *tak!*, na sauti hiyo ndiyo iliyompa mwenyewe jina: Bwana Taki-Taki, Mzungu wa pamba. Alipita mashambani akikichezea, tak, tak, na wanawake wakaongeza kasi ya jembe kabla hawajamwona uso.

Nani alikivunja? Hapa mwenye akili timamu ana ruhusa ya kucheka. Alikivunja mwenyewe! Alikichomeka chini ya kifuniko cha sanduku la sadini, akakilalia kwa uzito wa tumbo lake lote, kikalia, kikafa. Nyumba nzima ilimwona. Lakini kitu cha Mzungu hakivunjwi na Mzungu. Boyi yupo. Na kazi ya boyi, kabla ya kupika, kabla ya kupiga pasi, ni kuwa ndiye aliyevunja. Boyi wa nyumba ile alikuwa Placide, kaka mkubwa wa Emilienne.

“Amemufunga kwenye nguzo ya magazini, ghala ya pamba,” Emilienne alisema. “Mikono nyuma, na kamba ingine shingoni. Anasema hatamufungua mpaka kisu kilie tena. Na mvua imenyesha, Baba. Kamba imekunywa maji, imekaza. Vidole vya yaya yangu Placide vimekuwa kama biringanya.”

Bulaimu alikichukua kisu. Alitoa ribiti iliyoshika mpini, akaufungua kwa ncha ya msumari, akadondosha kiganjani kipande cha chuma chembamba kilichokatika katikati.

“Resori,” alisema. “Hii ndiyo ilikuwa inalia. Angalia, binti. Chuma chetu ukikipinda kinakaa vile ulivyokipinda. Kinatii. Hii ni chuma ya kurudi. Ukiipinda huku, inarudi kule ilikotoka. Mimi sina.”

“Nani anayo?”

Mhunzi alikuna kidevu. “Magobori ya zamani, ya wakati wa Waarabu. Ndani mwake kuna resori pana, inayorusha nyundo. Nipatie moja, nitaikata, nitaipiga tupa, itaingia humu.”

“Magobori yote yalikusanywa na Bulamatari, serikali ya Wazungu.”

“Si yote. Kasongo, mtaa wa Waungwana, kuna bibi anaitwa Waridi. Baba yake alikuwa mnyapara wa misafara ya watumwa.” Alikirudisha kisu ndani ya jani. “Watu hawapendi kupita mbele ya mlango wake. Lakini hukuniuliza habari ya watu. Umeniuliza habari ya chuma.”

Kamiyo ya pamba ilimchukua hadi Kasongo, juu ya marobota. Dereva, Kasimu, alikuwa mtu wa maneno mengi na breki chache. Sokoni Emilienne alianza na duka la Mgreki, maana mtu hukimbilia kwanza pale penye taa. Mgreki alikigeuza kisu, akacheka.

“Vyuma vya ndani haviuzwi peke yake, mama. Ukitaka moyo wa kuku unanunua kuku.”

“Mwenyewe anataka hiki hiki. Ni cha marehemu baba yake.”

“Basi aandike Ulaya, angoje meli.”

Angoje meli! Na vidole vya Placide vingoje pia?

Adhana ya magharibi ilikuwa inaitika msikiti kwa msikiti alipofika kwa Waridi. Nyumba ilikuwa safi mno. Uani mbuzi walizurura bila kufungwa, nguo zimetandazwa juu ya vichaka, na kisima kilikuwa na ngazi ya kuteremkia badala ya ndoo ya kuvutia. Ndani, mahali pa kitanda, kulikuwa na mkeka tu. Emilienne aliinua macho darini. Paa la kila nyumba aliyoijua lilifungwa kwa kamba za msituni. La hapa lilipigwa misumari, fito kwa fito.

Hakukuwa na kamba. Hata uzi mnene.

“Unahesabu fito zangu?”

Bibi kizee alikuwa ameketi pembeni, karibu na chetezo. Harufu ya ubani ilijaa chumba, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine... kali, kama yai lililooza, kama mwamba uliopigwa na radi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Vua viatu. Aa, huna! Basi umeshavua.” Akacheka bila sauti. “Mtoto wa wapi wewe?”

“Kabambare.”

“Wa porini. Sema shida yako kabla giza halijaingia. Giza likiingia sisi hapa tunanyamaza.”

Emilienne alisema yote, isipokuwa Placide. Alisema ni kisu cha mumewe cha kukatia tumbaku. Waridi alimsikiliza kichwa kimeinama upande, kisha akavuta kutoka chini ya mkeka kitu kirefu kilichoviringishwa shuka ya maiti.

“Baba yangu alitembea mwisho wa msafara,” alisema kwa sauti ya chini. “Unajua kazi ya mtu wa mwisho? Aliyeshindwa kutembea, baba hakumfungua. Akifunguliwa, na wengine nao watajifanya wagonjwa. Alimfyatulia pale pale kambani. Halafu ndiyo kamba ikafunguliwa, maana kamba ni mali.” Alipapasa shuka kama mtu anayempapasa paka. “Gobori hili halijawahi kuua mtu mwenye mikono huru. Halimjui. Linawajua waliofungwa tu. Askari wa Bulamatari walipokuja kumkamata baba, walimtia kamba moja, humu ndani. Gobori lilikuwa ukutani. Halina baruti. Halina risasi.”

“Ikawaje, Bibi?”

“Tulimzika alasiri.”

Nje mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

“Nitakupa kamani yake, hiyo mnayoiita resori,” Waridi alinong'ona. “Nimechoka kulala chini. Lakini lazima nikuulize, na lazima unijibu, na yeye asikie. Kwenu kuna mtu aliye kambani?”

Emilienne alielewa swali vizuri kabisa. Tusiseme hakuelewa. Alimwona Placide nguzoni kama yuko mbele yake. Lakini pia alimwona nyanya yake, aliyepita katika mji huu huu akiwa na kamba shingoni, akauzwa, akarudi mzee na alama kama kola. Kasongo hawasahau. Hapa mtu huulizwa jina la baba ili ijulikane jina la bwana wa baba. Na huyu bibi wa shuka na ubani, binti wa mtu wa mwisho wa mstari, ndiye anayeuliza! Kumwambia, “Ndiyo, ndugu yangu yuko kambani,” ni kumpa kamba ya nyanya aishike tena mkononi. Wasichana wangapi wamefunzwa kuvumilia njaa na fimbo, lakini hawajafunzwa kuvumilia aibu?

“Kwetu hakuna mtu wa kamba,” alisema, kidevu juu.

Waridi alimtazama. Pua zake zilipanuka kidogo, kama mtu anayenusa chungu cha jirani.

“Umesema wewe,” alijibu. “Na amesikia.”

“Nani?”

Bibi kizee alianza kuifungua shuka. Ndani ya shuka, kitu kilibana pumzi.

Kamani ilikuwa pana kama kidole, imepindwa kama kiwiko. Emilienne aliikunja ndani ya kitambaa, akaitia kiunoni, akatoka haraka. Haikuwa baridi kama chuma. Ilikuwa na joto la mtu aliyelala.

Njiani kwenda kwenye kamiyo alisikia nyayo nyuma yake. Si za mtu mmoja. Nyingi. Zikipiga chini pamoja, mguu mmoja, mguu mwingine, kwa hatua fupi fupi... kama watu wasioweza kuachana. Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu, vumbi limetulia. Akatembea. Wakatembea.

Kesho yake Kasimu alirudi Kabambare na magunia ya chumvi, na nyuma kabisa beberu mnene aliyefungwa miguu, zawadi ya posa ya mdogo wake. Beberu alikuwa anapiga kelele tangu Kasongo.

“Mnyamazishe huyo shemeji yako!” Kasimu alipiga kelele kutoka usukani.

“Shemeji ni wa kwako, mimi sijatolewa mahari!” Emilienne alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alitabasamu. Joto la kiunoni lilikuwa limezidi. Alikitoa kitambaa, akakiweka juu ya gunia kando yake.

*Tak.*

Beberu alinyamaza.

Waliposimama kwenye kivuko cha mto kupoza injini, Kasimu alipanda nyuma, akakuta damu imeshaingia kwenye chumvi. Shingo ilikuwa imefunguka, mstari mmoja, safi. Kamba ya miguuni ilikuwa nzima.

“Umemchinja?” Kasimu alinong'ona.

“Kwa nini, na kwa kitu gani?”

Alimtazama mikono. Mitupu. Akakitazama kitambaa juu ya gunia. Hakusema neno tena mpaka Kabambare, yeye ambaye angeongea hata na jiwe.

Emilienne alikimbilia kwa Bulaimu, akasimama nje, akasema yote kwa pumzi moja: habari ya gobori, swali, jibu lake, beberu. Alitumaini mhunzi atakitupa kitu kile mtoni. Lakini baada ya kukitupa, je? Taki-Taki asubuhi ile ile alikuwa amepita kwa Placide, akauliza, “Kisu?”, akaambiwa bado, akaongeza fundo.

“Nikikifua, ndugu yako yuko hatarini,” Bulaimu alisema. “Nisipokifua, mikono yake inaoza. Ni wewe wa kusema.”

“Fua.”

Alifua. Moto uliwaka mweupe, kisha ukainama, kama umepuliziwa kutoka upande ambao hapakuwa na mtu. Kukawa na harufu ya baruti, na ya nywele zinazoungua. Kila alipoipinda kamani kwa koleo ilirudi kwenye kiwiko chake. Mara ya mwisho Bulaimu aliiomba radhi kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kama mtu anavyomwomba mgeni mkali, na hapo ikakubali kukatwa. Aliipiga tupa, akaitia mpinini, akagonga ribiti.

Hakukijaribu. Alikisukuma kwa fimbo mpaka miguuni pa Emilienne.

“Nisikilize, mutoto. Huyu hamjui mtu huru. Chukua kijembe changu hiki cha makali, ukifiche. Ufike kwanza kwa ndugu yako, ukate kamba zote mbili. Akishakuwa huru, kile ni kisu tu. Ndipo umpe Mzungu chake.”

“Na wewe umekigusa, Baba. Hakikukudhuru.”

“Mimi nani amenifunga?”

Magazini ya pamba ilikuwa juu ya kilima. Jua lilikuwa limebaki shubiri. Kapita Marcellin, mlinzi, alimwona akija, akikichomoa kijembe, akageuza shingo yake yote.

“Mimi niko naangalia mawingu,” alisema. “Haraka.”

Placide aliinua kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini alikuwa Placide bado. “Umechelewa, mudogo. Nimeshaanza kutoa mizizi.”

“Nyamaza, yaya. Usitingishike.”

Alianza na mikono. Fundo lilikuwa gumu kama jiwe, kamba imezama ndani ya nyama. Alikata, alikata, alilia, alikata. Ikakatika. Mikono ilianguka mbele kama mikono ya mtu mwingine, myeusi, minene, haimjui mwenyewe. Placide aliitazama kwa mshangao.

“Mikono hii ni yangu?”

“Ni yako. Bado shingo.”

Alipitisha kijembe chini ya kamba ya shingo.

Viatu.

Mkono mwekundu ulimpita begani, ukamnyang'anya kijembe, ukakirusha juu ya lundo la pamba.

“Weye naiba mutu yangu?” Bwana Taki-Taki hakuwa hata amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kulala mchana. “Kisu iko wapi?”

Alikitoa. Afanye nini? Mzungu alikipokea, akakifungua. *Tak.* Akakifunga. *Tak.* Macho yake yalijaa maji. Ndiyo, maji! Alikibusu kile kipini cha pembe mbele ya mtu ambaye mikono yake ilikuwa inakufa.

“Muzuri. Muzuri sana. Ona, nyeusi nawezaka kazi kama nataka.”

“Bwana, nakuomba. Ile kamba ya shingo, uniachie mimi. Nitaifungua kwa meno.”

“Hapana. Mimi nafunga, mimi nafungua. Mimi iko mutu ya neno moja.” Na alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekuja kutenda wema, na hakuna kitu kinachomzuia mtu wa namna ile akishaamua kutenda wema.

“Kwa kijembe, Bwana! Kwa panga ya kapita! Si kwa hicho!”

“Weye nataka, weye hapana taka. Wanawake.”

Akamsogelea Placide.

Harufu ilikuja kwanza. Baruti.

Kisha nyayo. Zilipanda kilima kwa hatua fupi, pamoja, pamoja... zikasimama nyuma ya Mzungu. Vumbi lilikuwa na mashimo ya vidole, jozi kwa jozi, mstari mmoja mpaka barabarani. Marcellin alikuwa ameacha mawingu. Alikuwa anatazama chini, akirudi nyuma asiyakanyage.

Taki-Taki alishika kamba ya shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama kinyozi.

Emilienne alipiga ukelele.

“Yaya!”

Placide aligeuza shingo kumtazama.

*Tak.*

Placide hakuanguka, maana kamba ilimshikilia. Ilikuwa nzima. Hapakuwa na hata uzi mmoja uliokatika. Taki-Taki alirudi nyuma, akatazama mkono wake, akatazama kisu kilichokuwa kimejifunga chenyewe kiganjani bila kumkwaruza hata ukucha.

“Kwa nini weye nalia nguvu vile?” alimwambia Emilienne, na sauti yake ilikuwa na masikitiko ya kweli. “Mimi nakata muzuri. Weye nashitua yeye. Ni weye.”

Alikipangusa kwa pamba, ile ya daraja la kwanza. Kisha alimwagiza Marcellin amfungue marehemu, lakini asikate.

“Fungua pole pole. Kamba iko mali ya kampuni.”

Watu watasema kisu kiliteleza. Wengine watasema shingo iligeuka. Marcellin aliulizwa matangani, akasema yeye alikuwa anaangalia mawingu. Bulaimu alikuja kuzika, akachimba bila kuongea, na walipotaka kuteremsha maiti kwa kamba kama desturi, alikataa. Alimteremsha kwa mikono yake.

Baada ya mavuno Kasimu alipita na kamiyo. Hakushuka. Alimwambia Emilienne dirishani, macho mbele, kwamba amemwona yule bibi wa mtaa wa Waungwana. Amesukiwa kitanda kipya cha kamba, mpya, nene, ya kupendeza. Kimewekwa barazani, naye amelala juu yake mchana kweupe, mdomo wazi, kama mtu aliyekuwa na usingizi wa miaka. Mlangoni pake mbuzi amefungwa, anakula majani.

“Aliamka, akaniuliza kama wa Kabambare hawajambo,” Kasimu alisema. “Nikamwambia hawajambo. Akacheka.”

Kwa hiyo Waridi alijua kwamba kwao yuko mtu kambani. Au alinusa tu, akaacha jibu lifanye kazi yake. Nani atamwuliza?

Siku hizi Emilienne analala kwenye mkeka. Ameng'oa kamba zote za paa, na mvua ikinyesha anahamia pembeni. Nguo anazianika vichakani. Majirani wanapita mbali na mlango wake. Jioni, kutoka kilimani, sauti inashuka juu ya mashamba, tak, tak, na wanawake wanaongeza kasi ya jembe. Boyi mpya amevunja sahani, wanasema. Mzungu ameomba kamba.

Naye hukaa kizingitini akijirudia lile jibu lake la Kasongo, neno kwa neno. Kwetu hakuna mtu wa kamba. Lilikuwa uongo alipolisema. Aliyesikia akalifanya kweli.